Mabaki ya jipsamu (bodi za dari) mnayapeleka wapi? Fundi anataka akayamwage bondeni

HondogoOne
Wakuu habari za wakati huu. Niko kwenye ukarabati wa nyumba huku Kibamba, bati lilivuja msimu mzima wa mvua mpaka dari la jipsamu likachora ramani za kahawia kila chumba, sebuleni ndo likaanza kubonyea katikati kama godoro kuukuu, nikaona bora lishushwe lote liwekwe jipya. Sasa limeshushwa na nina mlima hapo nje: bodi zilizovunjika vunjika, nyingine zimeloa, nyingine kavu ila zina rangi, halafu na vipande vipya anavyobakiza fundi akikata. Gari la taka la mtaa limegoma kupakia, wanasema wao wanabeba taka za majumbani tu, kifusi sio kazi yao. Fundi ananiambia bosi tafuta guta usiku tukamwage bondeni. Jirani anasema huo ni udongo tu, tia kwenye lile shimo la choo la zamani ulizibe kabisa. Wife yeye anataka tuchome. Mwenye kujua hii kitu inapelekwa wapi ashushe nondo, na kama kuna anayenunua aje PM.

Kijeba wa Ukonga
Nimeweka kambi hapa, na mimi nina kamzigo kangu nyuma ya banda.

Mama Twins
Kaka kabla ya yote, zile chaneli (vyuma vilivyoshikilia dari) na skrubu usizitupe, wale vijana wa chuma chakavu wanazibeba kwa kilo. Pesa ya soda hiyo.

Mzee wa Saiti
HondogoOne, katika yote matatu uliyoambiwa hakuna hata moja la kufanya, na baya kupita yote ni hilo la shimo la choo. Ngoja nieleze taratibu maana watu wengi wanaona kitu cheupe laini wanadhani ni chokaa au udongo.

Bodi ya jipsamu ni kalsiamu salfeti katikati, karatasi pande mbili. Hiyo salfeti ikikaa pakavu haina shida na mtu, inaweza kukaa miaka. Shida inaanza ikipata vitu vitatu kwa pamoja: maji, uchafu unaooza, na sehemu isiyo na hewa. Hapo kuna bakteria wanaoishi bila oksijeni, wao badala ya oksijeni wanaitumia hiyo salfeti, na wanachotoa ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Sasa niambie wewe, shimo la choo lina nini? Maji lina, uchafu unaooza lina, hewa halina. Umeikamilishia kila kitu na karatasi ya bodi juu yake, maana na yenyewe inaoza.

Na hii gesi sio ya kuchekea. Ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatulia chini shimoni. Ikiwa kidogo utasikia harufu, ikizidi kufika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, husikii tena kitu, unadhani imeisha kumbe ndo imepanda. Ikifika mamia kadhaa mtu anaanguka. Ndo maana unasikia mtu kashuka shimoni kakata kauli, mwenzake kashuka kumuokoa naye kabaki huko huko. Sisemi shimo lako litaua kesho, nasema usimpe mtu atakayekuja kulifukua miaka ijayo mtego ambao wewe ulikuwa na uwezo wa kuuepuka.

Mnyampaa Original
Mzee wa Saiti acha kutishia watu bana. Mimi nimekulia Itigi, jipsamu inachimbwa pale toka nazaliwa, Makanya kule Same wanachimba, Kilwa wanachimba, hakuna aliyekufa na mayai viza. Imetoka ardhini inarudi ardhini, tatizo liko wapi?

Mzee wa Saiti
Mnyampaa swali zuri. Kule Itigi jipsamu iko kwenye mbuga kavu, haijachanganywa na maganda ya ndizi, pampasi na wali uliochacha. Ukiitoa hapo ukaizika dampo katikati ya taka za jikoni, mvua ikapiga, mambo yanabadilika. Kitu ni kile kile, mahali ndo pamebadilika.

Mbeba Boksi wa Midlands
Nakazia hapo. Mimi niko Uingereza, napiga mzigo kwenye kampuni ya kubomoa na kukarabati majumba, hapa jipsamu ina skipu (kontena la taka) yake peke yake, ukikutwa umechanganya na taka nyingine unalipishwa mzigo wote kama umeharibika. Zamani walikuwa wanaruhusu kwa kipimo, mzigo ukiwa na jipsamu chini ya asilimia 10 unaingia dampo la kawaida, ila tangu Aprili 2009 hiyo ikafutwa, jipsamu hairuhusiwi kuzikwa pamoja na taka zinazooza, basi. Ama inaenda kwenye urejelezaji ama inaenda kwenye chumba chake pekee dampo. Kanada ndo walitangulia, mji wa Vancouver walipiga marufuku kutupa jipsamu dampo tangu 1984, na mvua za kule mnazijua. Massachusetts Marekani wakafuata 2011 kwa zile bodi safi.

Kwenye kiwanda cha kurejeleza wanafanya hivi: bodi inasagwa, inachujwa, karatasi inakwenda huku, unga unakwenda kule, sumaku inatoa misumari na skrubu, halafu unga unarudi kiwandani kutengeneza bodi mpya. Jipsamu haichoki, unaweza kuirudisha tena na tena, kinachowabana ni vile vipande vya karatasi vinavyobaki kwenye unga. Ila sharti la kwanza wanalokuambia getini ni moja: KAVU na SAFI. Ukileta iliyoloa au iliyochanganyika na tofali wanakurudisha nayo.

Kijeba wa Ukonga
Sasa huko kwenu kuna viwanda, sisi huku tufanyeje mkuu? Na kwa nini tusichome kama alivyosema shemeji?

Mzee wa Saiti
Kuchoma hakukusaidii. Bodi wanaiweka kwenye kuta za kuzuia moto makusudi kabisa, ndani yake karibu asilimia 21 ya uzito ni maji yaliyofungwa kwenye kemikali yenyewe, ukiwasha moto yale maji yanatoka kama mvuke yanapoza. Utachoma karatasi ya juu, rangi itatoa moshi mbaya, unga utabaki pale pale na sasa hauna hata karatasi ya kuushikilia, upepo ukija unakwenda kwa jirani. Umepoteza mafuta ya taa bure.

Wa Githurai
Huku Nairobi mambo ni yale yale, mjengo ikiisha lori inakuja usiku inamwaga kando ya barabara ama mtoni, ile iliyobaki Dandora. Sheria ya 2022 ya usimamizi wa taka inasema utenganishe taka za kuoza na zisizooza lakini wee tembea tu uone. Mimi kwa saiti yangu nimeanza na kitu kidogo, nimewapea vijana magunia mawili, moja ya bodi peke yake, moja ya hizo takataka zingine zote. Hiyo tu imenipunguzia stori mingi.

Injinia Mtaa
Ngoja niongezee moja ambalo watu wa Dar hamlijui na linawacost. Kuna tabia ya mtu akiwa na kiwanja cha chini anabandika kibao "KIFUSI KINAHITAJIKA". Wabomoaji wanaleta kila kitu, tofali, vigae, jipsamu ndani. Halafu juu yake unashindilia, unamwaga zege la sakafu. Miaka miwili mitatu sakafu inavimba, tailizi zinainuka katikati ya chumba, ukuta wa chini unapata nyufa za mlalo, unaita fundi anasema udongo mbaya, unamlaumu marehemu aliyekuuzia kiwanja.

Kinachotokea ni salfeti. Jipsamu inayeyuka kwenye maji, sio sana, kama gramu mbili kwa lita, ila inatosha. Yale maji yanapanda kwenye zege, salfeti inakutana na madini ya alumina yaliyopo kwenye saruji, inaunda fuwele mpya zinazochukua nafasi kubwa kuliko mwanzo. Zege linapasuka kutokea ndani. Na ukiacha hilo, bodi yenyewe ikiloa chini inalainika, kwa hiyo sehemu moja inavimba na nyingine inatitia. Kifusi cha kuweka chini ya sakafu kiwe tofali, mawe, zege bovu. Ukiona mzigo unakuja na vipande vyeupe vyenye karatasi, mwambie dereva ageuze.

Mama Twins
Jamani hii ya sakafu kuvimba mbona imenigusa 😅 ngoja nikaangalie ile store.

Mnyampaa Original
Haya Injinia, ila mbona saruji yenyewe inawekwa jipsamu? Malori ya Makanya yanaenda kufanya nini viwandani?

Injinia Mtaa
Inawekwa, asilimia 3 mpaka 5 hivi, inasagwa pamoja na klinka (yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji). Kazi yake ni kuchelewesha saruji isikaze ghafla, bila hiyo ungechanganya zege likagandia kwenye toroli. Lakini hiyo kiasi kidogo kilichopimwa inaisha kazi yake zege likiwa bado bichi. Ile ya kwenye kifusi inakuja baadae, zege likiwa limeshakomaa halina pa kutanukia. Na hapo hapo ndo penye fursa kwa anayetaka biashara, maana kitaalam mabaki ya bodi yakitolewa karatasi yanaweza kuingia kwenye saruji badala ya jipsamu ya kuchimba. Ila kiwanda hakiwezi kushughulika na guta lako moja mkuu, kinataka tani, mzigo wa aina moja, uliopimwa, usio na rangi wala misumari. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye yadi na mashine ya kusaga anayekusanya saiti zote za mji, sio kazi ya mwenye nyumba mmoja.

Mwl Wa Zamu
Swali la kizushi. Chaki si jipsamu hiyo hiyo? Vijana wa Maswa kule Simiyu walianzisha kiwanda cha chaki. Mtu akisaga hizi bodi akazioka si anapata unga wa chaki?

Mzee wa Saiti
Mwalimu, kwa kanuni uko sahihi, ukiipasha jipsamu kwenye nyuzi kama 150 inapoteza sehemu kubwa ya maji yake inakuwa ule unga ambao ukiuchanganya na maji unaganda tena, na ndo huo wa chaki na wa kufungia mfupa uliovunjika. Lakini bodi ya dari sio jipsamu tupu. Ndani kuna wanga, kuna sabuni ya kutia povu, zile za kuzuia moto zina nyuzi za glasi, zile za kijani za bafuni zina nta au silikoni, juu kuna rangi ambayo huijui. Ukimpa mtoto wa darasa la pili avute vumbi hilo kila siku utakuwa umefanya nini? Na kuoka kwenye karai nyumbani moto haulingani, nusu inaiva, nusu inaungua, inayoungua haigandi tena hata uiombe. Chaki watengeneze wenye jipsamu safi ya mgodini.

Shamba la Babu
Naomba niwaamshe upande wa kilimo, maana hapa ndo mtu wa kawaida anaweza kutumia vipande vyake bila kiwanda. Nalima karanga Dodoma. Karanga ikishatoa maua inashusha vile vikonyo vinaingia ardhini kutengeneza ganda, na hilo ganda linanyonya kalsiamu lenyewe moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, halitegemei mizizi. Kalsiamu ikipungua unavuna maganda mazuri kwa nje, unabonyeza, pwaa, ndani hamna kitu. Jipsamu inaipa kalsiamu na salfa kwa pamoja na inayeyuka upesi kuliko chokaa. Inamwagwa kipindi cha maua juu ya mstari, kilo mia mbili mpaka mia nne kwa hekta.

Matumizi ya pili ni ardhi ya magadi, ile inayotuamisha maji juu, ikikauka inakuwa ngumu na ukoko mweupe au mweusi. Kule Moshi chini kwenye skimu za mpunga wanazijua. Sodiamu ndo imeugandamiza udongo, kalsiamu ya jipsamu inaiondoa sodiamu mahali pake, halafu lazima uwe na maji ya kuisukuma ishuke chini na mtaro wa kuitoa. Bila mtaro unajisumbua. Na hapo tunazungumzia tani kadhaa kwa hekta, sio debe mbili.

Kijeba wa Ukonga
Babu mimi nina shamba Njombe, udongo wangu wanasema una tindikali sana. Nibebe huu mzigo wangu?

Shamba la Babu
Hapana mjukuu. Hapo ndo wengi wanapigwa. Jipsamu HAIPUNGUZI tindikali. Unayotaka wewe ni chokaa ya kilimo. Zote nyeupe, zote zina kalsiamu, kazi tofauti kabisa. Pima udongo kwanza.

Na kwa wote: ya kupeleka shamba ni vile vipande vipya anavyokata fundi, havijapakwa rangi, havijaskimiwa (kupakwa ule unga wa kulainisha), sio za kijani wala za pinki za kuzuia moto wala zile tailizi za dari zenye plastiki juu. Uvianike, uvipondeponde kwa nyundo ndani ya kiroba sio hewani, karatasi kubwa uibandue. Karatasi ndogo ndogo zitaoza. Ya dari lililoshushwa lenye rangi ya miaka mingi na kinyesi cha popo juu yake usilete kwenye chakula cha watu.

Mfugaji Chanika
Babu na kwenye banda la ng'ombe je? Maranda yamepanda bei, nilikuwa nawaza unga huo ukaushe mkojo.

Mbeba Boksi wa Midlands
Mfugaji usithubutu. Huku wafugaji waliwahi kuutumia kama matandiko, unanyonya maji kweli, ila ukisukumwa kwenye shimo la samadi ni kile kile alichoeleza Mzee wa Saiti, salfeti na samadi bila hewa. Siku ya kukoroga shimo gesi inatoka yote kwa mpigo. Mamlaka za hapa zikapiga stop.

Mzee wa Saiti
Na kama una mtambo wa biogesi ndo kabisa. Gesi itanuka, itakula jiko na mabomba.

HondogoOne
Asanteni wakuu mmeshusha nondo za maana. Nimemwambia jirani ukweli kuhusu shimo kacheka ila kaelewa. Sasa nipeni utaratibu, leo nifanye nini na huu mlima, na mawingu yameanza.

Mzee wa Saiti
Funika turubai SASA HIVI, mengine baadae. Inyanyue na mapalati au matofali isinywe maji kutoka chini. Bodi moja ya milimita 9, ile ya futi nane kwa nne, kavu ina kilo 17 mpaka 20 hivi, ikinyonya maji mtapanda bei ya gari kwa kubeba mvua.

Halafu gawa. Vipande vipya visivyo na rangi weka pembeni, hivyo vina wenyewe, watu wa karanga si mmewasikia. Vipande vikubwa vya zamani vilivyo kavu na vizima tangazia mafundi wa mtaa, wapo wanaofanyia dari za stoo na vibanda vya biashara. Kilichobaki, chenye rangi, kilicholoa, kilichoota ukungu, tia viroba peke yake bila kuchanganya na taka za jikoni, nenda kwa afisa afya wa kata umwambie una taka za ujenzi, akupe utaratibu wa kupeleka dampo rasmi kwa Kenta au kirikuu. Utalipa, ndio. Kutupa bondeni pia utalipa ukikamatwa, Sheria ya Mazingira ya 2004 ipo, na maji ya bonde yakijaa yanaturudia wenyewe.

Vumbi: wakati wa kupakia nyunyiza maji kidogo tu, vijana wavae barakoa za maana, popo na panya wamejisaidia juu ya hilo dari miaka yote.

Injinia Mtaa
Na kabla hujavunja vunja tena, hakikisha ni jipsamu kweli. Majengo ya zamani, nyumba za mashirika na shule za miaka ya sabini, kuna shiti za dari na za paa ambazo ni asbesto. Jipsamu ina karatasi pande zote na ndani nyeupe, ukikwaruza kwa kucha inatoka unga. Asbesto ya saruji ni ya kijivu, ngumu, haina karatasi, pembeni ilipovunjika unaona nyuzi nyuzi. Ukiona hiyo usivunje, usitoboe, usifagie, simamisha kazi na uite watu wa mazingira. Kenya walishaipiga marufuku 2006. Uzi huu hauihusu kabisa.

Fundi Dari Mbagala
Mimi ni fundi dari, mnatusema tu wakati mwenye nyumba ndo anasababisha. Chumba cha mita 3.6 kwa 4.8 kinaingia bodi sita kamili, ukikata vizuri hubakizi kitu. Mwenye nyumba anajenga 3.7 kwa 4.9, sasa natafuta vile vistripu vya sentimita kumi kila upande. Bodi ya saba moja inatosha kabisa, inatoa vistripu kumi na mbili na mimi nahitaji vinne tu, ila fundi mwenye haraka anachinja bodi mbili tatu nzima. Mimi huwa nafanya boksi la kushuka pembeni, vistripu vyote vinaishia humo, na konisi (ule urembo wa pale dari linapokutana na ukuta) inafunika. Kabla ya kununua kaa na fundi mchore dari kwenye karatasi, hesabu bodi, halafu mpe bodi hizo hizo. Ukimwachia bandali nzima atakata kama mkate.

Mama Twins
Fundi nisaidie na hili, vijana walimaliza kupiga skimu ukutani wakaosha ndoo bafuni, sasa maji hayashuki. Nimemwaga magadi na maji ya moto wapi.

Fundi Dari Mbagala
Dada maji ya moto hayaondoi hiyo, imeganda humo ndani kama ilivyoganda ukutani. Usiendelee kumwaga kemikali utaunguza mabomba. Muite fundi bomba afungue ile kona ya bomba chini ya bafu, mara nyingi imekaa hapo hapo, itolewe kwa mkono au kona ibadilishwe. Siku nyingine waambie ndoo ikwanguliwe ikiwa kavu, unga uende kwenye kiroba, yale maji ya kuoshea yaachwe kwenye ndoo mpaka asubuhi, uzito ukae chini, yamwagwe ya juu tu, tena nje, sio bafuni.

Mama Twins
Sawa fundi, kona yenyewe imejengewa tailizi juu. Naomba namba ya fundi bomba anayefika Tabata, PM.